Vidole Viwili vya Mguu wa Kushoto

Jumanne, 3 Julai 1979
Kazini godauni, kisha nyumbani. Chai ya rangi. Ukungu Kariobangi nzima, na mguu unauma pale pasipo na vidole. Jirani yangu Mama Njeri amemaliza kufuma soksi za sufu, jozi mbili nene. Kesho nazituma kwa Oduor. Jeshi limempeleka mazoezini Mlima Kenya, kwenye theluji. Sina mtoto mwingine.

Jumamosi, 14 Julai
Barua ya Oduor. Maji yanaganda chupani. Wenzake wawili wameteremshwa wagonjwa. Soksi anazivaa zote pamoja, anakaza kamba za buti na kulala nazo. "Asante Baba, hata baridi ya miguu siisikii tena."
Nimeshindwa kula.

Jumapili, 15 Julai
Sikwenda kanisani. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi vitani, milima ya Uhabeshi. Sajini alituamuru tulegeze kamba na tukaushe miguu kila jioni. Sikuvua. Buti zile zilikuwa viatu vyangu vya kwanza maishani, niliogopa kuibiwa. Damu haikufika. Vidole viwili vikawa vyeusi, vikakatwa. Hakuna adui aliyenigusa. Nyumbani nikasema ni risasi. Oduor amekua akiringia risasi hiyo mtaani. Pengine ndiyo iliyompeleka jeshini. Mimi ni mwongo. Mke wangu Rispa pekee aliujua ukweli, na tangu afariki sina hata wa kumwambia.

Jumatatu, 16 Julai
Nimechana karatasi tatu. Mama Njeri ameniona mlangoni. "Mzee, kwani kuna msiba?" Nikasema hapana. Ya nne nimeandika yote: legeza, vua, kausha. Kisha habari ya risasi ambayo haikuwepo. Nimeiposti kabla sijabadili nia. Naona aibu sana.

Alhamisi, 26 Julai
Siku kumi. Hakuna barua. Godauni nimehesabu magunia vibaya mara mbili.

Jumamosi, 28 Julai
Amejibu. Alivua buti siku ileile alipopata barua. Kidole kimoja kilikuwa kimekufa ganzi, cheupe, lakini rangi yake imerudi. Yuko salama.
Chini ameongeza kwamba habari ya risasi aliijua tangu darasa la tano. Rispa alimwambia, akamwapisha asiniaibishe. Miaka yote hiyo walinyamaza kwa ajili yangu.
Nimeikunja barua. Nimemkasirikia Rispa kidogo, kisha nikatamani angekuwepo nimkasirikie vizuri.