Kijana wa alama tisini na mbili

Jumanne, Mesquite, Marekani

Hongera zetu. Nyumba yetu ya kutunza wazee sasa inaajiri kisasa: mwombaji anajibu maswali peke yake mbele ya simu, halafu kompyuta inampa alama. Mimi wa ofisi ya ajira nimebakiza kubonyeza tu.

Kijana aliyepata tisini na mbili aliiambia simu kwamba ana shauku kubwa ya kuhudumia wazee. Leo, siku yake ya kwanza, kaonyeshwa nepi ya kubadilisha. Kufika saa nne asubuhi, shauku ilishawasha gari ikaondoka.

Mama Furaha, Mkongo aliyetunza wazee miaka kumi, kapata ishirini na tisa. Aliulizwa kwa nini yeye ni bora kuliko wengine. Akainamisha macho kwa heshima, akajibu: "Miye siwezi jisifu. Muulize watu nilitunza." Kompyuta ikaandika: hajiamini. Na mimi, Mtanzania niliyelelewa kuinamisha macho vilevile, nikabonyeza kumkataa.

Nilimwambia bosi tuwapigie tu hao watu aliowatunza. Akacheka, eti hayo mambo ya kizamani.

Jioni kanifuata kwenye maegesho, anaongea kwa sauti ya chini. Mama yake mzazi anahitaji mtu wa kumtunza nyumbani. Eti namba ya yule mama Mkongo bado ninayo?

Nikamwambia ninayo, ila kwa mama yake ningependekeza yule wa tisini na mbili.

Hakucheka.

Sasa naogopa. Akinifukuza, itabidi na mimi nikakae mbele ya simu nijisifu.