Shingo ya Mama Yasini

Katoro, Geita
2 Juni 2024

Mama mpenzi, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Idi. Barua nilianza zaidi ya mara moja nikaiacha, maana nikiinama kuandika shingo inakaza na macho yanaingia giza. Hii naiandika nimeegemea ukuta, daftari nimelipandisha magotini. Ningekupigia, lakini masikio yako na simu hayapatani.

Miguu bado inavimba? Sisi tupo. Yasini ameota meno ya juu, akinyonya ananing'ata halafu ananiangalia aone nitafanya nini.

Kazi ni ileile. Wachimbaji wakileta mawe kusagwa, mimi naingiza kwenye kompyuta majina yao na shimo walikotoa. Meza ni fupi, nainama tangu asubuhi mpaka jua linazama. Na kwa kuwa ofisi ni kontena, na chumba chake cha pili ndiko dhahabu inakochomwa, kila anayenyanyuka kutoka nje anapekuliwa na Eufrasia, mlinzi wa kike, hadi ndani ya nywele. Basi tunakaa tu. Hata maji sinywi, nisije nikataka chooni. Jioni nikisimama, kontena zima linazunguka, nashika ukuta mpaka litulie.

Najua utasema nimlete Yasini kwako. Usiseme, mama. Baba yake amefuata rashi, mbio za dhahabu mpya, huko Chunya, salamu hatumi. Nikimtoa na huyu nabaki na nani? Mchana anakaa kwa jirani yangu Hosiana, jioni namchukua. Simtoi.

Mwanao,
Zuhra


Ngokolo, Shinyanga
15 Juni 2024

Mwanangu Mama Yasini, marahaba.

Barua nimeipata kwa kondakta. Miguu ni ya uzee, iache.

Shingo yako imenishangaza. Hapa mtaani nimeshatangaza kwamba binti yangu anakaa ofisini, kwenye kiti, kivulini. Leo nikawaambie kiti kimemuumiza? Jirani yangu Mama Limi nilimdokeza, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema, "Sisi tunalima mpunga tumeinama kutwa, yeye anaumwa kwa kukaa?" Nikamwambia nyamaza, wewe shingo huna, kichwa kimekaa mabegani. Ila baadaye akasema neno la maana. Shingo ya mwanamke inalegea ikikosa mzigo. Ulipokuwa hapa ulikuwa unateka maji kila siku, uliwahi kuumwa? Jioni ukitoka kazini beba ndoo kichwani, hata isiyojaa, uti unyooke.

Nakutumia mafuta ya kuchua. Mjukuu wangu sijamtaja, umenikataza.

Mama yako


Katoro
4 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Pole na mafua, kondakta ameniambia. Mafuta nilipata, asante. Mwambie Mama Limi wabeja, nashukuru kwa neno lake.

Ndoo nabeba kila jioni kutoka bombani. Siku za mwanzo niliona nafuu kweli, nikasema mama kanitibu. Sasa maumivu yamerudi na yameshuka mpaka begani, vidole vinakufa ganzi.

Nilikwenda zahanati. Daktari kanikanda shingo, kaniuliza nakaaje, kaniuliza kama nakunywa maji. Akasema, "Mama, dawa yako ni ya bure. Pandisha kompyuta ifike usawa wa macho. Kila baada ya nusu saa simama, tembea kidogo. Kunywa maji." Kizunguzungu anataka nikapimwe hospitali kubwa, na kwa sasa nisibebe kitu kizito.

Kompyuta nimeiwekea matofali mawili. Kusimama ndiyo kazi. Siku ya kwanza nilisimama mara mbili, Eufrasia akanivua mpaka viatu. Mara ya tatu akaniambia, "Dada, unanichosha na mimi." Kesho yake msimamizi, Maganga, akanifuata mezani. Nikampa karatasi ya daktari, akaisoma yote, hakukasirika. Akasema, "Zuhra, mtu anayesimama ovyo kwenye nyumba ya dhahabu watu wanamsemaje? Mimi nakuamini. Tajiri hakujui." Akairudisha karatasi.

Sasa nimekaa. Kutwa nachapa majina ya watu.

Mwanao,
Zuhra


Ngokolo
11 Agosti 2024

Mama Yasini, marahaba.

Ulinikataza, lakini nasema. Nipe mtoto. Au acha kazi uje, tutakula tutakachopata, ingawa najua na wewe unajua duka langu ni meza tu siku hizi. Daktari kasema usibebe, mimi nilikosea, ndoo acha kabisa. Na mtoto je? Naye si mzigo? Unamweka mgongoni na kichwa kinazunguka.

Nijibu upesi.

Mama yako


Katoro
20 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Sikujibu kwa sababu nilikasirika. Nilijiambia kwa nini kila mtu anajua mtoto wangu anapaswa kukaa wapi.

Juma lililopita nilitoka bombani na ndoo, Yasini mgongoni. Ndiyo, nilikuwa bado nabeba, maji hayaji yenyewe. Sikujikwaa. Niliona weupe tu, nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chali na watu wamenizunguka, na yeye yuko chini yangu. Hakulia. Hosiana alipomchomoa ndipo akalia, nikamshukuru Mungu kwa kile kilio. Mkono wake wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko. Wamemfunga plasta, daktari anasema mifupa ya mtoto inaunga vizuri.

Usijilaumu. Ndoo ulisema wewe, lakini ukasema niache. Kumweka mgongoni niliamua mimi.

Anakuja na Justa, mdogo wake Hosiana, pamoja na barua hii. Mimi ruhusa sikupata, na nikiacha kazi hicho chakula chake kitatoka wapi. Usinitumie maneno ya kunifariji. Wala usimwambie nakuja kesho. Sijui nakuja lini, na hii shingo sioni ikipona nikiwa kwenye kile kiti.

Plasta isiingie maji. Kadi ya kliniki ipo kwenye begi, ibaki kwako. Uji anapenda mwepesi. Akikataa kulala mwimbie, atakukazia macho, endelea tu.

Justa akigeuza kurudi huku, naomba umpe vitu hivi. Khanga moja nzito, ya zamani, ya kubana kifua, maana maziwa bado yanatoka na saa zake ni zilezile. Blauzi mbili nyeusi, hizi nyeupe zinaonyesha yakilowa. Mafuta ya kuchua, chupa imeisha. Shati la Yasini atakalosafiria, usilifue. Na uzi: mlaze, mpime kuanzia kisigino hadi utosini, ukate hapohapo, utie kwenye bahasha. Kila mwezi unitumie mmoja.

Mwanao,
Zuhra