Hodi Mlangoni kwa Faisal

Laurel, Maryland
Jumapili, 16 Novemba

Kwa kaka yangu mpenzi Abdulghafur,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, kifua kimeacha kukusumbua, na hatimaye umekubali kufunga duka adhuhuri ukapumzika kama daktari alivyokuagiza. Mama hajambo? Magoti yake yanaendeleaje tangu alipoanza kutumia ile dawa ya kuchua niliyoituma? Mwambie shikamoo yake naitoa nikiwa nimeinama, ingawa hanioni. Mimi huku ni mzima. Baridi imeingia mapema mwaka huu, na vidole vya miguu ndivyo pekee vinavyonung'unika; viungo vilivyobaki vinamshukuru Mungu.

Nimeandika kwa mkono, kama ulivyozoea kutoka kwangu, kisha nimezipiga picha kurasa na kuzituma kwa simu yako ili zikufikie kabla ya Ijumaa. Umeniarifu kwamba siku hiyo, baada ya sala, ukoo utakutana barazani kwa Mama kunizungumzia. Umeniarifu pia, kwa upole wako wa siku zote, kwamba habari zilizofika huko nyumbani Chumbageni ni kuwa mimi, mwalimu niliyefundisha nusu ya mtaa kusoma na kuandika, sasa nazurura Marekani mlango hadi mlango na maboksi kifuani. Na kwamba umeshanitafutia nafasi ya kufundisha ili nirudi nyumbani kabla jina letu halijachakaa. Nakushukuru kwa kunihangaikia. Lakini anayezungumzwa hatakuwepo, nami sikuzoea kusemewa. Kwa hiyo nakuomba, kaka, uisome barua hii kwa sauti, mbele ya wote, bila kuruka mstari.

Ndugu zangu mliokusanyika, mliyoyasikia ni kweli. Napeleka vifurushi. Alfajiri naingia ghalani hapa Laurel, mji uliokaa kati ya Washington na Baltimore, napakia gari, na hadi jioni nagawa viatu, vitabu, dawa, chakula cha paka na kila ambacho watu wa huku hawataki kukifuata dukani. Mama na kaka wanajua tangu siku ya kwanza. Wengine sikuwatangazia, kwa sababu sikujua kwamba kazi ya halali inahitaji mpiga mbiu.

Laurel nilikuwa nimeizoea. Nilijua ni jengo gani lifti yake mbovu na ni mzee gani hafungui mlango mpaka amalize kuvaa. Mwezi uliopita kampuni ikazivunja njia zote na kuzipanga upya. Sisi wa Laurel tukaambiwa tutavuka hadi Springfield, Virginia, upande wa pili kabisa wa jiji, mahali ambapo barabara kuu hukutana na kupandana juu kwa juu, hata ukikosea pa kutokea mara moja unajikuta unarudi ulikotoka. Juu ya ugeni huo ikaongezwa ahadi: mteja aliyelipia zaidi atapata mzigo wake kabla ya saa sita mchana. Ahadi hiyo ilitolewa na watu ambao hawajawahi kutafuta maegesho Springfield. Kuitimiza tukaachiwa sisi.

Ramani ya simu hukufikisha mtaani, mlangoni haikufikishi. Nyumba za kule zimefanana kama meno, na namba zake zimejificha nyuma ya maua. Tukaanza basi kuelekezana kwa ujumbe wa sauti, kwa namna ambayo sisi watu wa Tanga tumeelekezana siku zote, kwa alama. Ukilipita kanisa lenye paa la buluu, kata kushoto. Ukiona gari bovu limefunikwa turubai, mlango ni wa pili. Mwenzetu Anatoli, mtu wa Lubumbashi, huanza kila ujumbe kwa bon, ndiyo "haya" yao ya Kifaransa, huniamkia mama Johari, kisha hueleza kwa kirefu hata tabia za mbwa wa nyumba hiyo. Jerotich, msichana wa Eldoret, ni mchache wa maneno: ati hiyo kona ni noma, usibonge na buda wa hapo, wacha mzigo usepe, yaani usizungumze na mzee wa hapo, uache mzigo uondoke. Mgeni akitusikiliza angedhani tunapanga wizi. Lakini kwa sauti hizo ahadi ya saa sita ilitimia, siku baada ya siku.

Kosa letu lilikuwa moja, nalo ni kosa la watu waliotoka mahali ambapo alama haihami: msikiti ulipo leo ndipo ulipokuwa jana. Mwishoni mwa Oktoba Wamarekani wana sikukuu ya kutishana. Hupamba nyumba kwa maboga, popo, na viunzi vya mifupa ya plastiki vyenye kimo cha mtu. Jerotich alikuwa ametuelekeza kwa bibi mmoja anayeletewa vifurushi mara kwa mara: nyumba yenye viunzi vitatu vimekaa kibarazani vinakunywa chai. Ungetaka alama gani zaidi ya hiyo? Sikukuu ikaisha. Bibi akachoka na viunzi vyake, akawapa watoto wa mlango wa tatu, ambao walikuwa hawajashiba kutisha watu. Nao wakavipanga vile vile kibarazani kwao, na birika lao. Jumamosi asubuhi nikafika na miwani mipya ya yule bibi, saa sita inakaribia. Nikaviona viunzi vinakunywa chai. Nikapiga hodi.

Aliyefungua mlango ni Faisal, mtoto wa baba mdogo.

Nilijua anakaa Springfield. Nyumba yake sikuijua, kwa kuwa tangu ahamie hajawahi kunialika. Ndani nilisikia vicheko vya wageni. Mimi ni mkubwa kwake. Ndimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nilisubiri shikamoo yangu. Alikitazama kizibao changu cha kung'aa, akageuka kutazama wageni wake, kisha akaniambia kwa Kiingereza niuache mzigo pale chini, na asante. Nikauacha. Nikaupiga picha miguuni mwa kiunzi kama kazi inavyotaka, nikarudi garini bila kutazama namba ya mlango. Hilo ni langu na simsingizii mtu. Hata nilipokwisha kumpa mgongo, nilikuwa bado naisubiri ile shikamoo.

Jumatatu msimamizi wetu, Ethan, akaniita. Malalamiko yamefika kutoka mtaa ule: mzigo umekosea mlango, ahadi ya saa sita imevunjika, na mlalamikaji anaomba mpelekaji huyu asipangwe tena mtaani kwao. Ethan alikuwa ameshapata fununu za jumbe zetu, ambazo kampuni imezikataza kwa kuwa inataka tuifuate ramani yake peke yake. Akanieleza, bila ukali, kwamba mambo ni mepesi. Nimtaje aliyerekodi ujumbe wa viunzi, mtu huyo aondoke, nami nirudishwe Laurel yangu. Nisipomtaja, kazi yangu imekwisha. Akanipa nafasi hadi mkutano wa kesho yake asubuhi.

Jerotich alikuwa amejifungia garini kwake anauma kucha. Aliponiona aliteremsha kioo, akaniambia nimtaje tu, nisijichome juu yake, atapata kibarua kwingine. Nilimwambia aache kula vidole ale chapati, nikampitishia yangu dirishani. Alikula huku analia, na bado alipata nguvu ya kusema chapati ya Tanga ni ngumu kuliko ya kwao.

Asubuhi madereva wote tulisimama duara katikati ya ghala. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi, nikazungumza kama mwalimu. Nilisema jumbe zile nilizianzisha mimi, siku ya kwanza ya Springfield, na huo ni ukweli mtupu. Anayetaka kumfukuza mtu kwa kuwaelekeza wenzake na aanzie kwangu. Nilisema ahadi ya kampuni imekuwa ikibebwa na sauti zetu, na kama sauti zetu ni hatia, basi tutanyamaza. Ethan akauliza maana yake nini. Kabla sijamjibu, Anatoli akatangaza kwamba, bon, kwa bahati mbaya simu yake imeharibika spika, hasikii tena maelekezo ya mtu yeyote. Yule aliyekuwa kando yake akasema hata yake. Simu za ghala zima zikaharibika pale pale.

Siku hiyo tuliifuata ramani ya kampuni kwa utiifu mkubwa. Ilitupeleka nyuma ya shule badala ya mbele, ikatuzungusha kwenye makutano ya Springfield kama mahujaji wanaotufu Kaaba. Kabla ya adhuhuri simu pekee iliyokuwa nzima ni ya Ethan, nayo haikupumzika kulia. Jioni alinifuata garini. Hakuomba radhi. Alisema jumbe ziendelee, ila tutaje na namba za milango, jambo ambalo naliona ni la haki. Jerotich abaki. Nami nibaki, na akanipa njia yangu ya Laurel ili mlalamikaji naye aridhike.

Nilimjibu kwamba Laurel siitaki. Na sasa, ndugu zangu, nifikie neno nililolizuia mpaka hapa.

Ethan aliponisomea yale malalamiko, kuna jambo lilimshangaza. Kitambulisho changu cha kazini kimeandikwa Johari, basi. Malalamiko yalimtaja Johari binti Salehe bin Mwinyihatibu. Akaniuliza mteja amelipata wapi jina refu namna ile. Lakini ninyi mnajua, kama ninavyojua mimi, kwamba katika Springfield nzima hakuna anayemjua mzee Mwinyihatibu isipokuwa mjukuu wake. Kifurushi kilikuwa na jina la jirani juu yake. Angeweza kukivusha milango mitatu. Badala yake aliandika kwa wakubwa wangu nisionekane tena mtaani kwake, kisha akapiga simu Tanga kuwasikitikia kwa aibu ninayowaletea. Miwani ilimfikia bibi jioni ile ile, mkononi mwa Yumna, mke wa Faisal, aliyeipeleka kwa miguu. Mungu amlipe.

Kaka, ile nafasi ya kufundisha mpe mwingine mwenye kuihitaji. Mimi sirudi kwa kuitwa, na sikuona kitu cha kukimbia.

Najua Faisal atakuwa nanyi Ijumaa kwa video, simu imeegemezwa kwenye jagi la maji kama ilivyo desturi. Nakuomba uigeuze imtazame kila mtu, kisha umsomee haya. Mdogo wangu Faisal, Alhamisi nimepita kwako, viunzi umeshaviondoa. Mapambo huondolewa sikukuu ikiisha. Mimi sikuja huku kupamba kibaraza cha mtu. Nilimuuliza Ethan kama mteja ana haki ya kumchagua anayemletea mzigo, akasema hana. Nikachagua Springfield, na mtaa wako umo. Utakapoagiza kitu nitakuja mimi, kabla ya saa sita. Nitapiga hodi kwa sauti ya darasani, nitakuita kwa jina lako, la baba yako na la babu yetu, kama ulivyoniita. Wageni wako wakiuliza ni nani huyo, una muda tangu leo wa kufikiri jibu. Nami nitasimama pale pale mlangoni nikiisubiri shikamoo yangu, na siku hiyo sitakuwa na haraka.

Nisalimie shangazi wote na wake za ndugu zetu. Watoto wote marahaba, hata wale ambao hawajaniamkia. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu, umwambie chapati zangu zimesemwa na Mkalenjin, najua atacheka.

Wasalaam,
mdogo wako akupendaye,

Johari binti Salehe bin Mwinyihatibu
Mpeleka vifurushi, njia ya Springfield