Sentensi Niliyoifuta Katika Wasifu wa Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo, na wale mapacha wanaonijua kwa sauti tu? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta bovu? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakula, ingawa kidogo, na presha imeshuka tangu juzi. Sasa tafadhali kaa chini. Kama uko kazini, kunja karatasi hizi uzisome ukifika kwako.

Najua baba mdogo amekwisha kukupigia kukwambia kwamba mimi na mama tulimwaibisha marehemu mbele ya watu. Vurugu zilikuwepo, hapo hakukudanganya. Lakini nina hakika hakukueleza zilivyoanza, na mambo haya si ya simu.

Ibada yenyewe ilianza vizuri. Jeshi lilileta askari sita wenye glavu nyeupe, jeneza likafunikwa bendera. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Alikuja hata yule fundi cherehani aliyegombana na baba miaka yote kwa sababu ya mikunjo ya suruali, na ndiye aliyelia kuliko wote. Na baba, mzee aliyetukagua kucha kila asubuhi kama tunakwenda vitani! Viatu vyangu vilikuwa na vumbi siku hiyo, na hakusema kitu.

Wasifu niliuandika mimi na kuusoma mimi. Kuzaliwa, kuingia jeshini akiwa na miaka kumi na tisa, ndoa, sisi wawili, vita vya mpakani, kustaafu akiwa meja, kufagia kanisa kila Ijumaa bila kuombwa. Nikafika hapa: "Katika utumishi wake wote, hakupoteza askari hata mmoja." Sentensi hiyo nilipewa na baba mdogo. Baba mwenyewe sikuwahi kumsikia akisema hivyo, nami sikujiuliza kwa nini.

"Si kweli."

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi. Sikumjua.

"Nisamehe, binti. Sikuja kuharibu shughuli. Lakini hiyo ifute."

Baba mdogo akaruka kutoka kitini. "Wewe ni nani? Mtoeni nje!" Wale askari sita wakatazamana. Mchungaji akakifunika kipaza sauti kwa mkono. Nikamtazama mama, nikidhani atazimia. Mama akasema palepale alipoketi, "Mwacheni aseme."

Nakuandikia alivyosema, sitii chumvi. Alikuwa koplo chini ya baba. Kikosi kilikuwa kinarudi nyuma, adui anawafuata, na baba alipewa amri ya kulipua daraja saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa ilipofika, askari watano walikuwa bado ng'ambo, mmoja wao akiwa ndugu wa koplo huyo, wa tumbo moja. Wakubwa wakawa wanapiga kelele redioni, lipua, lipua. Baba akaizima redio. Akangoja dakika ishirini. Wanne wakavuka mbio. Wa tano alikuwa ameumia mguu, anatambaa, wanamwona kabisa. Na magari ya adui nayo wanayaona.

"Nilimshika mkono," koplo akasema. "Nikamwambia, afande, yule ni mdogo wangu. Akaniambia, namwona. Kisha akatoa amri."

Koplo akaigeuza kofia mkononi.

"Sikuja kumsamehe, wala kumtukana," akaendelea. "Wengine tuko hai kwa ajili yake. Na kule kungoja ndiko kulikomnyima cheo, tunajua wote tuliokuwepo. Lakini mkisema hakupotea hata mmoja, mdogo wangu alikuwa nani?"

"Unamvua marehemu nguo hadharani!" Baba mdogo akapaza sauti.

Mama akainuka. Akaenda mpaka nyuma, akishika benchi moja baada ya jingine, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamuuliza yule mzee, "Ndugu yako aliitwa nani?" Mzee akamnong'oneza jina. Mama akageuka, akalitaja jina lile kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akamwambia mchungaji, "Mwombee na huyo."

Mchungaji akawaombea wote wawili. Baba mdogo akachukua kofia yake akaondoka, na makaburini hakuja. Mimi nikatoa kalamu, nikaifuta ile sentensi palepale, nikasoma hadi mwisho. Hiyo ndiyo aibu uliyoelezwa.

Lakini kuna la pili, na hili linakuhusu wewe. Tulipomaliza kuzika, koplo alimwendea mama akamwambia, "Mama yetu yu hai. Afande alikuwa anakuja kwake kila mwezi."

Unazikumbuka zile safari za baba za Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mkoba, na lile jibu lake la "nina kazi"? Unajua mama alidhani kwa miaka thelathini kwamba kuna mwanamke. Na unajua ulichomwambia baba juu ya mwanamke huyo, mlangoni siku unaondoka.

Jana tulikwenda kwa huyo mama wa koplo. Ndani ya basi mama alisema neno moja tu: "Kila siku ya Meza ya Bwana alikuwa anatoka nje bila kushiriki. Nikadhani ni kwa sababu ya huyo mwanamke." Kisha akageukia dirisha.

Bibi ana miaka tisini na moja, macho hayaoni vizuri. Tulimkuta kwenye kiti mlangoni. Koplo alikuwa ameshindwa kumweleza. Aliposikia nyayo zetu akauliza, "Yule afande mbona amechelewa wiki nzima? Yuko wapi?"

Mama akachuchumaa, akamshika mikono. "Mimi ni mke wake. Amefariki, mama. Wiki ya tatu sasa."

Nikawa nangoja bibi atufukuze.

"Siku ya kwanza alisimama pale," akasema mwishowe, "na magwanda yake. Akasema, mimi ndiye niliyetoa amri. Nikammwagia maji ya vyombo. Mwezi uliofuata akaja tena, na nguo kavu. Miaka miwili namfukuza. Baadaye akaanza kuziba paa, akajenga ua, akanipeleka hospitali ya macho. Hakuniomba msamaha hata siku moja. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe."

"Ukasema?" mama akauliza.

Bibi akatikisa kichwa. "Kila akiondoka nilijiambia, mwezi ujao."

Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Walilia pamoja, nami nikatoka nje nikasimama kando ya ule ua. Misumari imepangwa mstari mmoja, kama gwaride.

Mama alinikataza kukuandikia hayo ya mwisho, eti utalia peke yako ugenini. Nimeyaandika. Hatukulaumu, mdogo wangu. Hatukujua, sote watatu.

Msalimie sana wifi yangu, na mapacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Fundi cherehani anakusalimu, na koplo pia, ingawa hamjaonana. Mungu akulinde uendako na urudipo, na akupe usingizi leo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama siku ile nilipokubeba mgongoni.