Faili la Mashine Limeacha Kudanganya

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, mtaa umejaa mikokoteni, na mimi nina furaha mpaka naona aibu.

Leo nimeshinda. Acha niandike kabla sijaanza kujifanya mnyenyekevu.

Mwezi huu nilifunga kompyuta ndogo kwenye chumba baridi cha Mangi, muuza matunda wa jumla hapa Kariakoo, upande wa Msimbazi. Nilijisifu kweli kwa ubunifu wangu: kila kifaa nilikipa faili lake. Ukitaka kuwasha mashine ya baridi, unaandika "washa" ndani ya faili la mashine. Ukitaka kujua hali yake, unafungua faili hilohilo na kusoma. Basi. Anayeweza kuandika meseji anaweza kuiendesha.

Jumatatu iliyofuata tukakuta zabibu zimeoza.

Nikafungua faili. Likasema mashine imewaka tangu Jumamosi jioni. Mangi akamgeukia Dada Rehema, mtunza stoo wake wa miaka mingi, akasema kaacha mlango wazi. Akamnyang'anya funguo. Dada Rehema akaapa kwamba alifunga. Mimi nikanyamaza, kwa sababu faili langu lilikuwa upande wa Mangi.

Jumapili hii, nikiwa jikoni nakaanga vitunguu, ndipo nikashtuka. Umeme ukikatika huku kwetu, kila mtu anakimbilia kushusha swichi ya mashine iliyo ukutani, ili ukirudi kwa nguvu usiunguze mashine. Dada Rehema alifanya hivyo umeme ulipokatika Jumamosi ile, akaondoka, maana mimi mwenyewe nilimwambia kompyuta itawasha yenyewe. Umeme uliporudi, kompyuta iliandika "washa" kweli. Lakini swichi ilikuwa chini, na faili likawa linarudia tu kilichoandikwa. Halikuwahi kuiuliza mashine.

Sijawahi kujichukia vile.

Nikatengeneza upya. Sasa kuna faili la "amri", la kuandikia tu, na faili la "hali", la kusoma tu, linalopata jibu kutoka kwenye kipimo nilichofunga kwenye waya wa mashine. Amri isipotekelezeka, faili linaikataa papo hapo na kusema sababu.

Leo asubuhi nikamweleza Mangi yote, Dada Rehema akiwa amesimama palepale.

"Kosa ni langu, Mangi. Dada hakuacha mlango wazi."

Mangi akaenda ukutani, akashusha swichi. "Haya, washa."

Nikaandika. Faili likakataa: mashine haipati umeme. Mangi akapandisha swichi, akanisogeza pembeni, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mashine ikaunguruma. Akafungua "hali", akasoma kwa sauti: "Inafanya kazi."

Nikapiga vigelegele katikati ya maboksi ya matufaha. Wapagazi wakadhani kuna harusi.

Mangi akatoa funguo mfukoni, akamnyooshea Dada Rehema. "Nisamehe, dada."

Hakuzipokea haraka. Alinitazama mimi kwanza.

"Na wewe, mdogo wangu, siku nyingine niulize mimi kabla hujaliamini faili."

Akachukua funguo zake, akaingia kazini.

Nitamuuliza. Hilo naliandika hapa ili lisifutike.