Mke Wangu Alimchanja Mtoto, Nami Nikamtukana Mbele ya Watu

Mpendwa mshauri Bi Kuluthumu,

Shikamoo. Naomba unisaidie maana nimekwama, mimi ni mrina asali na mkulima wa tumbaku hapa Ipole, katika kijiji chetu cha ujamaa, na mwaka juzi, 1974, tulimzika mtoto wetu wa kwanza kwa homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo zahanati ilipotangaza chanjo ya ugonjwa huo nilimkataza mke wangu Apolinaria asimpeleke mtoto wetu mdogo Masolwa, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, kwa sababu niliambiwa sindano yenyewe ndiyo inayoingiza homa mwilini, nikaenda zangu porini kwenye mizinga, niliporudi nikakuta mtoto amechanjwa, mkono umevimba na mwili wa moto, woga ukanishika nikapiga kelele hadi balozi wa nyumba kumi na majirani wakaja, na mbele yao nikamwambia mke wangu, "Mmoja tumemzika, na huyu unamtafutia kaburi."

Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mganga Yoramu wa zahanati ameniambia atachemka siku mbili. Ngoja siku ya tatu, ndipo unihukumu."

Siku ya tatu mtoto alikuwa anafukuza vifaranga uani. Nilicheka kwa furaha, kumbe mke wangu anafunga mzigo. "Mtoto amepona," akasema, "mimi bado." Akaenda naye kwao Goweko.

Mwezi uliofuata homa iliingia kitongoji cha jirani, mtoto mmoja akafa na mwingine hasikii tena, ndipo nikaenda kwa Yoramu kumuuliza kama wangu yuko salama, akasema kinga ameipata, ila mwili wa mtoto wa umri ule haujifunzi kujikinga upesi kama wa mkubwa, kinga yake ni haba na haidumu, ndiyo maana inabidi arudie sindano baada ya miezi mitatu, nayo inatimia mwezi ujao. Kaka zangu wanasema mwanamume hamfuati mke aliyeondoka mwenyewe, nitume mtu. Nifanyeje?

Bundala, Ipole

Ndugu Bundala,

Marahaba. Woga wako naujua, aliyezika mtoto halaumiwi kwa kuogopa. Lakini mwenzio alizika mtoto yule yule. Yeye aliubeba woga wake hadi zahanati, akauliza, akasikiliza, akayashika yote aliyoambiwa, kisha akamuuguza mtoto siku mbili huku ametukanwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na huyu mwanamke nimemheshimu. Wewe ulikwenda kuuliza baada ya watoto wa wenzio kuugua.

Chanjo ile haina vijidudu hai, haiwezi kuleta ugonjwa. Uvimbe na joto la siku moja mbili ni mwili unaojifunza kumtambua adui. Joto likizidi hapo, au shingo ikikakamaa, mkimbize zahanati, usiite majirani.

Usitume mtu. Ulimtukana kwa mdomo wako, usiazime wa mwingine kuomba radhi. Nenda na balozi aliyelisikia tusi, aisikie na radhi. Mbele ya wakwe zako sema ulikosea, na usiongeze "lakini". Asali ya zawadi itoe baada ya maneno. Kisha, mama akubali kurudi asikubali, siku ya sindano mpakate Masolwa wewe mwenyewe. Mtoto asiwe sharti la kurudiana.

Kaka zako hawatamuuguza mtoto huyo. Panda basi hadi Tabora, kata tiketi ya treni ya Goweko wiki hii hii, na kama aibu haijakutoka, safiri nayo.