Sanda Yangu Iliyokwenda Kwenye Maandamano

Ndani ya Lango la Bhati,
Lahore.
3 Julai 1998

Mpendwa mdogo wangu Ihtisham,

Assalamu alaikum. U hali gani, na goti lako linasemaje huko Delhi? Wifi yangu Bilqis bado anakunyima sukari? Mwambie asilegeze kamba, wewe nakujua tangu utotoni. Mimi ni mzima, ila macho yananiaga taratibu na joto la mwaka huu halina adabu.

Nakusalimu pia wewe bwana nisiyekujua, unayezifungua barua zetu kabla hazijafika. Hii isome kwa makini, kisha uifunge kwa gundi ya maana. Ile iliyopita ilifika imechanika kama gazeti la kufungia karanga.

Nilisikia mlikula peremende mabomu yenu ya nyuklia yalipojaribiwa. Sisi tulipowajibu, niligawa peremende za laddu mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kwa mkono huu huu ninaokuandikia. Rafia peke yake alikataa kula. Nikamwambia mbele ya majirani, "Kula, wewe kibaraka wa Wahindi!" Wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda.

Rafia hujamsahau, binti wa mwanangu Tanvir. Ulipokuja mwaka wa themanini na tisa alikuwa akikufichia viatu ili usiondoke. Sasa ana miaka kumi na minane. Ndiye anayeandika anwani yako kwenye bahasha zangu zote, maana mimi herufi za Kizungu sizijui.

Basi yeye na wenzake wa chuo walipatana na vijana wa huko kwenu. Kila upande uandike majina juu ya kitambaa cheupe, na juu kabisa waandike: Yavunjeni mabomu, yenu na yetu. Kisha vitambaa vyote viwili vipelekwe mpakani Wagah vishonwe pamoja. Tanvir alimwita mpumbavu, nami nikamuunga mkono.

Kitambaa alikitoa kwenye sanduku langu la bati, bila kuniomba. Ihtisham, aliichukua sanda yangu. Ile uliyoniletea wewe, niliyokwenda nayo Makka nikaichovya kwenye maji ya Zamzam, nikaianika, nikaihifadhi na kafuri miaka yote hii nikisubiri zamu yangu.

Walisimama nayo barabarani adhuhuri, vijana kama arobaini. Wenye maduka waliwarushia maganda ya maembe, halafu mawe. Polisi walipofika hawakumgusa aliyerusha. Walimkamata Rafia, aliyeshika kitambaa.

Siku ya pili tuliitwa kituoni, mimi na Tanvir. Nje ya mlango akanibana mkono. "Mama, wakikuuliza, huna mtu India. Ukisema unaye, kesho mimi sina kazi serikalini. Mtoto atatoka tu. Kazi haitarudi."

Ndani nikaikuta sanda yangu juu ya meza, imejaa majina na matope. Inspekta akaukunjua upindo akanionyesha muhuri wa kiwanda, kwa maandishi ya Kihindi.

"Bi mkubwa, hiki kitambaa cha Delhi. Hawa watoto wanalipwa na adui. Au ni chako? Una ndugu kule?"

Neno moja lingetosha. Ningesema ni sanda yangu, kaniletea mdogo wangu, basi ingekuwa nguo ya kizee tu na si ushahidi. Rafia alisimama ukutani akinitazama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alijua nitasema.

Nikasema, "Sina mtu Delhi. Kitambaa hiki sikijui."

Rafia akainamisha kichwa, kisha akasema, "Bibi yangu hasemi uongo, afande. Nilikinunua sokoni mwenyewe."

"Soko gani la Lahore linauza nguo za Delhi?" Inspekta alimpiga kofi la sikio palepale, mbele yetu. Tanvir aliangalia viatu vyake. Mimi nilirekebisha shungi langu.

Walimweka ndani siku tisa. Sikio la kushoto halisikii tena. Chuo kimemfukuza, na waliomposa wamerudisha pete kwa mkono wa dereva, hata mlangoni hawakufika. Sanda sijui iko wapi. Tanvir kazi anayo, na kila asubuhi anapiga pasi shati lake mwenyewe maana binti yake hamgusii nguo.

Mimi ananihudumia. Chai inakuja kwa wakati, na kila siku ananiuliza, "Vijiko vingapi vya sukari, Bibi?" Tangu ana miaka sita ndiye anayeniwekea sukari, kijiko kimoja. Anauliza kama anavyoulizwa mgeni. Naumia, Ihtisham, na sina wa kumlaumu.

Kwa hiyo wewe msomaji wa barua za watu, andika hapo kwenye daftari lako: kitambaa ni changu, ni sanda, nililetewa na mdogo wangu wa tumbo moja anayekaa Ballimaran, Delhi. Tanvir na ofisi yake watajua la kufanya. Najua nimechelewa.

Usiniletee sanda nyingine. Nitazikwa kwa chochote kitakachopatikana dukani.

Nisalimie Bilqis, nisalimie wanao Shahid na Mubashir, na yule mkwe wako mrefu jina limenitoka. Mungu awaweke, na akuponye goti, na asitujalie kuyaona hayo mabomu yakifanya kazi yake.

Nilipofika hapa nilimwita Rafia, nikampa bahasha na kalamu kama siku zote. Nilimwomba aniandikie anwani yako. Alinigeuzia sikio lake zima, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Anwani ya nani, Bibi? Si ulimwambia inspekta huna mtu Delhi?"

Akaweka kalamu juu ya meza, akachukua kikombe changu kwenda kukiosha. Hivyo usishangae mwandiko wa kwenye bahasha. Ni wa karani wa barua pale posta.

Ni mimi dada yako akupendaye, aliyekukana,

Qudsia